Ugonjwa Tulioambiwa Hatuna

Wanafunzi wanapoletwa kliniki yetu ya afya ya akili hapa pwani, kabla sijawapa fomu yoyote huwasimulia habari za J. C. Carothers. Alikuwa tabibu wa serikali ya kikoloni aliyefika Kenya mwaka 1929. Mwaka 1938 akakabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Hospitali hiyo ilikuwapo tangu 1910, na wodi zake zilitengwa kwa rangi.

Nataka wajue mgonjwa Mwafrika alifikaje pale. Kwa kawaida aliletwa na askari, au na chifu, au alitoka jela. Aliyevua nguo sokoni aliletwa. Aliyechoma nyumba ya nduguye aliletwa. Lakini mwanamke aliyelala ameugeukia ukuta tangu mvua za vuli, hali, haogi, hasemi na wanawe, huyo alikuwa hamsumbui chifu wala hakimu. Alibaki nyumbani, mama mkwe akimpikia uji, na jina lake halikuandikwa popote.

Carothers alichukua rejista ya walioingia Mathari kati ya 1939 na 1943, akaichambua, na mwaka 1947 akachapisha matokeo. Wazimu, alisema, ni haba sana kwa Mwafrika kuliko kwa Mzungu, na sonona karibu haipo kabisa. Akaitafutia sababu: Mwafrika hajioni kuwa na dhamana juu ya nafsi yake, kwa hiyo hajilaumu, na asiyejilaumu hapati sonona. Mwaka 1951 akaandika kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, na humo akatufananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamchapishia ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, na watu waliopigania ardhi yao wakaelezwa kama kundi lenye kasoro ya akili. Frantz Fanon, daktari wa akili mwenyewe, alimjibu kwa ukali katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*.

Ubaguzi wake wanafunzi huuona mara moja, na huchukia. Mimi huwazuia kidogo hapo, kwa sababu kuna kosa jingine, na hilo hata mtu mwema anaweza kulifanya leo. Carothers alihesabu watu langoni mwa hospitali, kisha akadhani amehesabu nchi. Rejista ilimwonyesha nani alikamatwa. Nani aliugua, haikuweza kumwonyesha.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa kutoka nje ya lango. Uganda ndiko kazi hiyo ilikofanywa vizuri. Pale Makerere, Profesa Allen German na wenzake walifundisha kizazi cha madaktari waliokuwa wakiiona sonona kliniki kila wiki. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Hawakungoja mtu aletwe. Wanavijiji waliulizwa kwa Luganda, kwa mpangilio uleule wa mahojiano uliotumika London: unalalaje, chakula kinapanda, unaionaje kesho yako? Matokeo yakalinganishwa na ya wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini. Ugonjwa tulioambiwa hatuna ulikuwa umekaa barazani muda wote, na aliyeuliza ndiye aliyeuona.

Hadi leo hauji na jina lake. "Mama, umelala vipi wiki hizi mbili?" nauliza. "Nalala, daktari, lakini usingizi hauji. Moyo wanienda mbio, na kichwa chaniuma." Hapo sikimbilii akili. Napima malaria, damu, sukari, virusi vya Ukimwi, na tezi ya shingo nikiweza. Nauliza juu ya pombe na muguka, yale majani ya kutafuna. Natazama anavyokaa, anavyojibu, kama macho yanamfuata mtoto wake. Ndipo naitoa fomu ya maswali tisa, kila swali alama sifuri hadi tatu, jumla 27. Kuanzia alama 10 nakaa naye zaidi, kwa sababu fomu hainipi ugonjwa, inanipa mahali pa kuanzia mazungumzo. Fomu za namna hii nazo hupimwa kabla ya kuaminiwa. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2002 kazi waliyoifanya na wajawazito wenye virusi vya Ukimwi, wakilinganisha orodha ya maswali 25 ya Kiswahili na mahojiano ya kitabibu. Kazi kama hiyo haiimbwi na mtu, nami naiheshimu kuliko hotuba nyingi.

Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Kwa miaka mingi niliyoifanya kazi hii, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Wagonjwa walilijua hilo vizuri. Kijana mwenye kovu shingoni aliniambia ameteleza kisimani, mama yake akaitikia, nami nikaandika sifuri nikiwa sijaridhika. Rejista ya Mathari ilimwacha nje mgonjwa mtulivu. Sheria hii ilimwacha nje mgonjwa mwenye hofu, tena akiwa ameketi mbele yangu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tangu hapo naanza kwa kumwambia mgonjwa kwamba jibu lake si kesi, kisha naliuliza swali la tisa polepole, na wengi zaidi wananijibu.