Mifarishi ya Gee's Bend

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za kazi moja ya sindano, nayo ni ushonaji wa mifarishi. Mfarishi, kama wajuavyo watu wa pwani, ni nguo ya kujifunikia au kutandika, yenye kitambaa juu na chini na pamba katikati, iliyoshonwa pamoja ili pamba isihame. Huenda mtu akafikiri ya kuwa jambo hili halistahili kuitwa historia, maana kwa wengi historia ni habari za vita na wafalme. Lakini nguo kuukuu yaweza kuhifadhi habari za watu ambao hawakuandikwa katika kitabu cho chote.

Katika jimbo la Alabama, nchi ya Marekani, pana mahali ambapo mto Alabama hupinda sana hata ukaizunguka nchi pande tatu. Mahali hapo huitwa Gee's Bend, yaani Pindi la Gee, kwa jina la Joseph Gee, aliyefungua shamba la pamba hapo mwaka 1816 kwa kazi ya watumwa. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa Mark Pettway, naye akahamia huko kutoka North Carolina pamoja na watumwa wapata mia. Watumwa wale walikwenda kwa miguu. Hata leo wengi wa wenyeji huitwa Pettway, jina la bwana yule.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini dhiki haikukoma. Watu walilima pamba katika ardhi isiyo yao, wakakopa mbegu na chakula, wakalipa baada ya mavuno. Kisha bei ya pamba ikaanguka, na madeni yakazidi. Mfanyabiashara mmoja aliyewakopesha wengi akafa, na mwaka 1932 mjane wake akadai alipwe mara moja. Wakatumwa watu, wakachukua vyombo vya kulimia, ng'ombe, kuku na mahindi yaliyokuwa ghalani. Kama si unga ulioletwa na Msalaba Mwekundu, wengi wangalikufa kwa njaa. Baadaye serikali iliinunua ardhi ile, ikawauzia wenyeji kwa mikopo nafuu.

Je, katika dhiki hiyo akina mama waliwafunikaje watoto wao? Nyumba zilikuwa za magogo, na upepo wa baridi ulipita katika nyufa, hata watu wakabandika magazeti ukutani ili kuuzuia. Fedha ya kununulia blanketi haikuwapo. Basi nguo za kazi zilizochakaa na mifuko ya unga na ya mbolea vilikatwa viraka. Kila mwanamke aliunganisha viraka vyake peke yake, kwa namna aliyoiona mwenyewe kuwa nzuri. Mtindo mmoja uliopendwa sana ni ule uitwao Paa la Nyumba: kiraka cha mraba huwekwa katikati, kisha vipande virefu huzungushwa pande zote nne, mraba ndani ya mraba, mpaka mfarishi utoshe kitanda. Uso ulipokwisha, ilitandazwa bitana, na juu yake pamba iliyopigwa kwa fimbo ili taka zitoke, kisha uso. Ndipo majirani walipokusanyika kuizunguka fremu ya mbao, wakashona matabaka yote pamoja, huku wakiimba nyimbo za dini.

Hapo kwanza kazi hii haikuwa ya kuuza. Msichana alifundishwa na mama yake au bibi yake, na mifarishi ikapewa watoto na wajukuu. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alitwaa nguo za kazi za marehemu, akazikata, akashona mfarishi. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, alieleza baadaye ya kuwa mama yake alitaka kumkumbuka mumewe, na kujifunika kwa upendo wake. Marehemu hakuacha mali, lakini jasho lake lilibaki katika vitambaa vile.

Mwaka 1962, watu weusi walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko cha kwenda mji wa Camden kiliondolewa. Safari fupi ya maji ikawa safari ndefu ya barabara, wala kivuko hakikurudishwa mpaka mwaka 2006. Hata hivyo watu hawakukata tamaa. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hizo waliunda ushirika wa kuuza mifarishi, nao ukawapatia fedha yao wenyewe. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu wenye elimu wakastaajabu. Mwaka 2006 picha zake zilitiwa katika stempu za posta za Marekani. Hivyo nguo zilizoshonwa ili watoto wasione baridi zikatundikwa ukutani kama picha za mafundi wakuu.

Nasi tunazo kazi za jamaa hii. Mwanamke wa pwani amshoneaye mumewe kofia, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi siku hata siku, naye atoa zawadi isiyopimwa kwa fedha. Kwa hiyo twawasihi ninyi wanafunzi: mkiona nguo ya kale sandukuni kwa bibi, msiicheke. Mwulizeni ni nani aliyeishona, na alimshonea nani, kisha yaandikeni majibu yake angali yu hai.