Liemba, mashua ya zamani katika ziwa letu

Mtu akisikia neno "mila", mara moja anawaza ngoma, mahari na heshima ya wakubwa. Sisi walimu wa kando ya Tanganyika tuko na kitu kingine cha kuongeza: mashua ya chuma yenye umri wa miaka zaidi ya mia moja, ambayo bandari yake ni Kigoma, ng'ambo kule. Msomaji asishangae. Historia ya Liemba ni yetu pia.

Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina Graf von Goetzen, ikapewa mizinga. Wakati ule upande wetu ulikuwa karibu bila ulinzi, sababu mashua ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiharibu tangu Agosti 1914.

Ndipo Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, na hapa inchi yetu inaingia kabisa. Toka Fungurume mpaka Sankisia hakukuwa reli. Mwaka 1915 zilikokotwa na matrakta ya mvuke pamoja na ng'ombe, kupita milima ya Mitumba. Watu wa vijiji ndio waliokata miti, wakalima barabara, wakajenga madaraja. Matrakta yale yalikuwa na kiu sawa tembo, na wanawake waliyachotea maji, wakiyabeba kwa kichwa toka mbali. Vitabu viko na majina ya maofisa. Ya wale wanawake hatujaona hata moja.

Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha Goetzen wao wenyewe. Lakini fundi Anton Rüter na wenzake walipaka mashine grisi nzito kwanza. Bila grisi ile, leo tusingekuwa na la kusimulia! Wabeleji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza wakaitoa Machi 1924 na kukuta mashine bado nzuri. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke ziliondolewa, ikawekwa dizeli. Wanafunzi wetu wanauliza: basi kilichobaki cha zamani ni nini? Swali ni zuri. Kimebaki kiwiliwili, na kimebaki kwa sababu watu hawakuacha kukitumia. Mashua inayopakia watu na mihogo, kila mwaka kuna mtu wa kuiangalia kutu. Baadaye Liemba ilisimama bandarini, na serikali ya Tanzania ikaanza mpango wa kuikarabati. Wako wanaotaka iwe makumbusho ya watalii tu. Sisi tunaona watalii wapande, na mama muuza dagaa apande, lakini kwa hesabu kali ya watu na mizigo, maana ziwa hili tunalijua.

Na upande wetu? Chuma cha zamani kinakatwa na kuuzwa kwa kilo. Hatuwezi kumlaumu mwenye njaa, lakini uchungu tuko nao.

Mwaka 1997, kisha kuanguka kwa Mobutu, Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa muda wa miezi mitano, ikirudisha wakimbizi wetu zaidi ya 75,000. Kwa hiyo tumewapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize mzazi au jirani aliyerudi kwa mashua ile, aandike jina lake, siku aliyopanda kama anaikumbuka, na vitu alivyobeba. Madaftari ya kwanza yamerudi. Mama mmoja anakumbuka sufuria mbili na kuku. Jina la mashua alikuwa hajapata kulijua.