Bagi Baunti: Jinsi ya Kulipwa Kwa Kudukua Bila Kuishia Korokoroni

Kama unaishi Huruma, Eldoret, unawajua hao wasee. Chuo wamemaliza, kompyuta wanaielewa kuliko walimu wao, bando wananunua kwa kuchanga, na kazi hakuna. Sasa kuna kazi halali unaweza fanyia kejani na haiulizi cheti wala mjomba wa kukushika mkono. Inaitwa bagi baunti. Noma ni kwamba ukikosea hatua moja, unajipata kizimbani. Form iko hivi.

Bagi baunti ni nini?

Ni mpango ambapo kampuni inawaambia wadukuzi wazi: jaribuni kuvunja mfumo wetu ndani ya mipaka hii, mkipata mwanya mtuambie sisi kwanza, tutawalipa. Netscape walianza na kivinjari chao Oktoba 1995. Google walifungulia tovuti zao 2010, Facebook wakafuata 2011. Mwaka wa 2016 hata Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliingia box: mianya 138 ilikubaliwa.

Na doh iko? Iko. 2019, kijana wa miaka 19 kutoka Argentina, Santiago Lopez, alikuwa wa kwanza kufikisha dola milioni 1 kwenye jukwaa la HackerOne. Ujuzi alijifunzia kwenye intaneti. Lakini usijidanganye, huyo ni mmoja. Kawaida analipwa wa kwanza kuripoti. Ukifika wa pili na mwanya ule ule, unapewa asante.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, iko wazi. Kuvunja ulinzi wa mfumo ili uingie, ukijua huna ruhusa, ni faini hadi shilingi milioni 5, jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Si lazima uwe umeiba kitu. "Nilikuwa nawasaidia tu" haitakuokoa mbele ya hakimu. Kinachokutenganisha na mhalifu ni ruhusa iliyoandikwa.

Hata ukiwa na nia safi, masharti ni masharti. Mwaka wa 2013, Mpalestina Khalil Shreateh aliripoti mwanya kwa Facebook wakampuuza. Akautumia kuandika kwenye ukurasa wa Mark Zuckerberg mwenyewe. Mwanya ulizibwa, lakini Facebook walikataa kumlipa kwa sababu aligusa akaunti ya mtu bila idhini. Ni wadukuzi wenzake waliomchangia.

Unaanzaje?

1. Fanya mazoezi mahali pa mazoezi. Web Security Academy ya PortSwigger na Hacker101 ni za bure. Juice Shop ya OWASP ni duka feki lililojengwa kwa makusudi livunjwe.

2. Soma mipaka mara mbili. Kama tovuti fulani haijatajwa kwenye mpango, usiiguse. Kuangusha seva huwa kunakatazwa karibu kila mahali.

3. Jipime na akaunti zako mwenyewe. Fungua mbili. Tuseme risiti yako iko kwenye anwani inayoishia 1041. Ukiweka 1042, ya akaunti yako ya pili, na ya kwanza ikaiona, hapo kuna mwanya. Usiende 1043. Huyo ni mtu mwingine.

4. Ripoti vizuri. Andika hatua moja baada ya nyingine, weka skrinishoti, eleza mtu mbaya angefanya nini na huo mwanya. Ripoti isiyoeleweka inatupwa.

5. Pokea ganji. HackerOne watakutaka ujaze fomu ya ushuru kwanza. Pesa ya PayPal unaweza kuitoa kwa M-Pesa tangu 2018. Na KRA pia wanahesabu hayo mapato, usijisahau.

Na ukikutana na mwanya kwa sacco ya mtaani?

Kama hawana mpango, usichimbe zaidi. Usipakue data, usiwaonyeshe wasee kwa base. Waandikie kwa ufupi, ukikosa jibu wapelekee KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kamwe usiseme "nilipeni ama nianike." Hiyo si baunti, hiyo ni kutisha watu, na utashikwa.

Wewe ndio mwenye mfumo?

Pengine uliundia shule, chama ama duka programu. Ziba kwanza mianya unayoijua, la sivyo utalipia vitu ulivyoviona tayari. Kisha andika ukurasa mmoja: nini kinaruhusiwa kupimwa, barua pepe ya ripoti, siku ngapi utajibu, kiasi cha zawadi, na ahadi kwamba hutamshtaki anayefuata masharti. Anza na watu wachache unaowaamini. Ukiahidi elfu mbili, lipa elfu mbili. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: data za watu zikivuja kwa njia inayoweza kuwaumiza, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Ripoti ya kijana wa Huruma leo ni bei rahisi kuliko hiyo barua.

Kwa hivyo kabla uguse chochote, jiulize: nani aliniruhusu, na ameandika wapi? Ukikosa jibu, funga laptopu.