Kujirudishia hiari

Washauri nasaha wanaowahudumia watu waliobakwa, au waliodhalilishwa kingono utotoni, hutumia istilahi ya Kiingereza "agency", inayotaja hali ya mtu kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeamua na kutenda juu ya mwili wake. Mfasiri anayeifuata njia ya mkato hufikia "uwakala", na hapo huwa amesema kinyume cha alichokusudia, kwa kuwa wakala hutenda kwa niaba ya mwingine. Kumwambia mtu ambaye mwili wake ulitumiwa kwa matakwa ya mwingine kwamba sasa anarudishiwa uwakala ni kumtonesha kidonda. "Uwezeshaji", neno linalopendwa katika ripoti za miradi, nalo lina kasoro yake: mwezeshaji yuko nje, na manusura amekaa akingoja kuwezeshwa. "Mamlaka" linanuka ofisi ya serikali. Neno ninalolitetea ni hiari, na kwa mchakato mzima wa kupona, kujirudishia hiari.

Wengi watasema tayari tunalo neno ridhaa. Tunalo, na mahakamani halina mbadala, ila ridhaa ni jibu: lazima awepo wa kuomba ndipo awepo wa kuridhia. Anayeanza mwenyewe, anayeahirisha, anayebadili nia katikati, anayetaka kukumbatiwa tu na asitake zaidi, hao wote ridhaa haiwatoshi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, katika kifungu cha 42, inaeleza kwamba mtu ameridhia iwapo amekubali kwa uchaguzi wake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kwa maelezo hayo sheria yenyewe inakiri kwamba ridhaa imesimama juu ya kitu kilichoitangulia. Palipokosekana hiari, hata "ndiyo" iliyotamkwa haina uzito.

Tofauti hii ina ushahidi wa kitabibu, na ushahidi huo ungewapunguzia mateso watu wengi kama ungefahamika zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa: asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, wasiweze kusogea wala kupiga kelele. Swali la "mbona hukupiga yowe?", ambalo manusura huulizwa polisi na nyumbani, linahukumu misuli iliyokwisha kukataa kumtii mwenyewe. Kuna pia jambo linalofichwa zaidi. Mwaka 2004 watafiti Roy Levin na Willy van Berlo walipitia tafiti zilizokuwepo wakaonyesha kwamba mwili wa mtu anayelazimishwa, awe mwanamke au mwanamume, unaweza kuitikia mguso, hata kufikia kilele, bila mtu huyo kutaka lolote. Wanaume waliobakwa hubeba aibu hii kimya kimya, wakiamini kwamba mwili wao uliwasaliti au, vibaya zaidi, ulisema kweli. Kiswahili kinaweza kuyatenga mambo matatu waziwazi: mwitikio ni wa mwili, hamu ni ya moyo, hiari ni ya mtu kwa ukamilifu wake, akiwa huru. La kwanza halithibitishi la pili, na yote mawili hayathibitishi la tatu.

Kosa la kuyachanganya mambo haya hurudi wakati wa kupona, likiwa limevaa nguo za huruma. Mume, mke, hata mshauri, hupima uponyaji kwa kuuliza kama hamu imerudi. Kipimo hicho hakifai, kwa sababu baada ya ukatili wapo wanaopoteza hamu kabisa na wapo wanaojikuta wakifanya ngono kwa wingi, bila kuifurahia wala kujua namna ya kukataa. Wa kwanza huambiwa hajapona. Wa pili huambiwa hakuumizwa. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada alipendekeza kwamba kwa wanawake wengi hamu haitangulii. Mtu huanza akiwa hana tamaa yoyote, lakini yuko tayari kuwa karibu na mwenzake, na hamu humjia baadaye, akiwa na utulivu. Huo utayari wa mwanzo ndio hiari. Natoa tahadhari hapa, maana hoja ya Basson inaweza kugeuzwa fimbo: "anza tu, hamu itakuja." Kwa aliyebakwa, sentensi hiyo ni mlango uleule wa zamani. Utayari unahesabika pale tu ambapo kuacha katikati hakuna gharama. Ndiyo maana mazoezi ya mguso yaliyobuniwa na watafiti Masters na Johnson, ambayo mwanzoni hukataza tendo lenyewe, yaliboreshwa na wataalamu kama Wendy Maltz ili manusura awe ndiye anayepanga mipaka na mwendo. Judith Herman, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu kiwewe na kupona, alisisitiza kwamba hakuna msaada unaomnyang'anya manusura uamuzi wake utakaomponya, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Neno hiari lina wapinzani. Kuna wanaosema limechakaa, limebaki la bima ya hiari na kustaafu kwa hiari. Lakini hata huko linasimama dhidi ya lazima, na lazima ndiyo iliyomfika manusura. Wahenga waliosema hiari yashinda utumwa waliliweka mahali pake. Pingamizi zito zaidi linatoka ndoani. Wengi huamini kwamba aliyeolewa alikwisha kutoa ridhaa siku ya harusi, na sheria kwa kiasi fulani imewafuata: kifungu cha 43 cha sheria hiyo ya Kenya kinawaweka kando wanandoa halali, na marekebisho ya Tanzania ya mwaka 1998 yanamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu walipokuwa wametengana. Hapa ndipo uchaguzi wa neno unapokuwa na matokeo. Ridhaa inaweza kudhaniwa kuwa ilitolewa mara moja ikaisha. Hiari haikabidhiwi. Anayesema "nimempa hiari yangu yote" huwa anaitumia papo hapo anaposema hivyo, na kesho bado anayo.

Pingamizi la mwisho nalikubali kwa sehemu. Mtu aliyeanza kudhalilishwa akiwa na umri wa miaka mitano hana kipindi cha nyuma cha kukirudia; kwake yeye "kujirudishia" ni neno la uongo, na "kujijengea hiari" linafaa zaidi. Lakini kwa wote wawili naisisitiza ile "ji-", kwa sababu inamweka manusura kuwa mtenda na mtendewa kwa pamoja, jambo ambalo "kurudishiwa" haliwezi kulifanya. Na anayejirudishia hiari anaweza kuitumia kuamua kwamba hataki ngono mwaka huu, au hataki tena maishani. Mshauri akiandika kwenye faili kwamba mtu huyo "bado hajapona", atakuwa amerudi kwenye kipimo cha hamu.