Dorayaki: Kitamu cha Wajapani Kilichopitia China na Ureno

Wajapani husimulia kwamba dorayaki ilianza na Benkei, mtawa shujaa wa karne ya 12. Akiwa mafichoni alijeruhiwa, akauguzwa nyumbani kwa mkulima, na alipoondoka akasahau upatu wake, yaani dora. Mkulima akaufanya kikaango, akachomea juu yake mkate mwembamba wa kufungia maharage. Simulizi hiyo inapendeza, lakini dorayaki ya leo, vikate viwili vya duara vyenye maharage matamu katikati, ni ya karne ya 20.

Cha kale hasa ni kile kilichomo ndani, kinachoitwa an. Maandazi ya mvuke yalipofika Japani kutoka China, yalikuwa na nyama, na watawa wa Kibuddha wakati huo hawakula nyama. Mahali pake wakaweka azuki, maharage madogo ambayo wekundu wake huaminika kufukuza balaa. Utamu ulikuja baadaye, kwani sukari iliagizwa kutoka nje na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Ilianza kuenea karne ya 18, Shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune alipohimiza kilimo cha miwa nchini.

Kazi yenyewe iko kwenye maharage. Azuki huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili kuondoa ukakasi, kisha yakarudishwa kwenye moto mdogo hadi yalainike kabisa. Sukari haitiwi mapema, maana huyakaza. Kuchanganya unga na mayai hata mwanagenzi huweza. Mpishi wa dorayaki hupimwa kwa an yake.

Vikate vina asili nyingine. Wareno, ambao walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, walifika Japani mwaka 1543, na kwao watu wa Nagasaki wakajifunza keki ya mayai na sukari iitwayo kasutera. Hata hivyo, dorayaki ya enzi ya Edo, zama za mashogun wa ukoo wa Tokugawa, iliendelea kuwa kipande kimoja chembamba cha unga wa ngano kilichokunjwa. Wengi hulitaja duka la Usagiya, lililofunguliwa Ueno, Tokyo, mwaka 1913, kuwa ndilo lililoanza kuoanisha vikate viwili laini kama kasutera. Huko Nara na Osaka dorayaki huitwa mikasa, kwa jina la mlima wa Nara. Watoto nao waliipenda zaidi kupitia Doraemon, paka roboti mpenda dorayaki wa katuni iliyoanza mwishoni mwa 1969.

Kwangu mimi, hakuna kazi iliyoitendea haki dorayaki kama filamu An ya Naomi Kawase, ya mwaka 2015, iliyotokana na riwaya ya Durian Sukegawa. Bibi kizee aliyetengwa sehemu kubwa ya maisha yake kwa sababu ya ukoma anamfundisha muuza dorayaki kupika maharage. Sheria iliyowatenga wagonjwa hao Japani ilifutwa mwaka 1996 tu. Itafute, uitazame.