Baba Gani Aliruhusiwa Kumpeleka Mwanawe Mawindoni?

Aprili 1909 Theodore Roosevelt aliteremka bandarini Mombasa, majuma machache tu baada ya kuondoka madarakani Marekani. Alifuatana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19 aliyekatiza masomo yake Harvard ili aende na baba yake mawindoni. Walizunguka karibu mwaka mzima, kuanzia nyanda za Kapiti hadi Naivasha, Uganda na Lado, wakatokea Khartoum Machi 1910. Kwa hesabu aliyoichapisha baba mwenyewe, waliua wanyama 512, ndege wachache wakiwamo: yeye 296, mwanawe 216. Safari hiyo husimuliwa kama kisa cha rais na simba. Mimi naisoma kama ukurasa wa historia ya sheria, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo ndipo ilipokuwa ikiamuliwa baba gani atamfunza kijana wake porini na kuitwa mwanamichezo, na baba gani atafanya jambo lilelile na kuitwa jangili.

Msingi ulikuwa umeshawekwa. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani, alitoa amri ya wanyamapori iliyofanya uwindaji katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika uwe jambo la leseni. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba wenyewe haukuidhinishwa na wote waliousaini, lakini fikra zake ziliingia katika kanuni za makoloni: leseni kwa mwenye uwezo wa kuilipia, vizuizi kwa nyavu na mitego ya mashimo, marufuku ya baruti na sumu katika uvuvi. Ukizitazama kanuni hizo kwa pamoja, unaona kwamba uwindaji haukufutwa. Zilichagua chombo na zikachagua mfuko. Bunduki yenye kibali ikawa halali, mtego na mshale vikawa kosa, na pamoja na mtego na mshale likaenda somo zima ambalo mzazi alimrithisha mwanawe.

Waliolipia gharama hiyo kwa namna iliyo wazi zaidi ni Wawata, walioitwa pia Waliangulu, wawindaji wa tembo katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na Kilifi. Uta wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta, na mshale uliopakwa sumu ulitaka mwindaji amsogelee tembo hadi hatua chache. Mtu mzima hawezi kuokota ujuzi wa aina hiyo akiwa na miaka thelathini. Mwili wenyewe lazima ukue pamoja na uta, kutoka uta wa mtoto hadi uta wa mwanamume, chini ya jicho la aliyetangulia. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nchi yao ikawa hifadhi ya Tsavo, na katika miaka ya 1956 na 1957 operesheni iliyoongozwa na askari wa wanyamapori, David Sheldrick akiwamo, iliwakamata wawindaji wao wengi na kuwafunga. Baba akiwa gerezani, kijana anayeanza kuota ndevu hana wa kumfuata.

Watetezi wa tofauti hiyo kati ya mwanamichezo na jangili wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba Roosevelt alikusanya kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na Mwata aliua ili auze pembe. Ni kweli Wawata waliuza pembe, na biashara hiyo ilipitia mikono ya madalali wa pwani kwa vizazi. Lakini sayansi haikuhitaji kila mzoga, Roosevelt mwenyewe aliuza simulizi za safari yake kwa jarida, na hakuna sheria iliyomtaka kijana wa miaka 19 awe mwanasayansi kabla ya kufyatua risasi. Ya pili ni kwamba bila ukali ule tembo wangekwisha. Hapa nakubali nusu: hifadhi ilihitajika, na Wawata nao walikuwa wakiua wengi kadiri bei ya pembe ilivyopanda. Hata hivyo maangamizi makubwa yalikuja baada yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, lakini makadirio yanayotajwa mara nyingi yanaonyesha tembo wake walishuka kutoka 167,000 hivi mwaka 1973 hadi 16,000 hivi mwaka 1989, wakiuawa kwa bunduki na watu ambao hawakuwa na haja ya kusoma unyayo. Kuwafunga walimu wa uta hakukuyazuia hayo.

Pingamizi gumu zaidi kwa dai langu kuhusu somo la baba linatoka kwa Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha mwaka 2002 majaribio yaliyoonyesha kwamba vijana wa Kihadzabe waliopitia shule ya bweni walilenga shabaha kwa mshale vizuri sawa na wenzao waliobaki porini. Basi baba anafundisha nini? Tena watoto wa Kihadzabe hujifunza mengi wakiwa wenyewe kwa wenyewe, bila mzazi. Nadhani majaribio hayo yanaondoa dhana ya kishairi kwamba kila kitu hutoka kinywani mwa baba, na ni vema yaiondoe. Lakini shabaha haikimbii, haijeruhiwi ikapotelea vichakani, wala haigawanywi. Kwa Wahadzabe, kijana aliyeangusha mnyama mkubwa huingia katika kundi la wanaume wanaoruhusiwa kula epeme, nyama ya sehemu maalumu ambayo wanawake na watoto hawaigusi. Hapo ndipo wakubwa hawana mbadala, na ndiyo sehemu inayokatika sheria inapowatenganisha watu na pori.

Njia nyingine imekuwapo. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianzisha mradi wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Wawata wavune tembo kihalali. Ulidumu miaka michache tu, nao ulimhitaji Mwata kama mfanyakazi kuliko kama mzazi mwenye nchi. Nchini Tanzania, mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao. Hati hiyo inahusu ardhi, na anayeishikilia ni jamii.