Muhuri Umehamia Beni

Januari 2025 kampuni ya Amazon iliwaamuru wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku tano kwa juma, na kule Washington rais mpya akatoa amri ya namna hiyo kwa watumishi wa serikali. Mwezi huohuo, tarehe 27, waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, na watumishi wa jimbo la Kivu Kaskazini hawakuwa tena na biro ya kurudia. Gavana Peter Cirimwami alikuwa ameuawa siku chache kabla. Tarehe 28 akateuliwa mahali pake Jenerali Evariste Somo Kakule, naye akaweka makao yake Beni, kiasi cha kilomita 350 kutoka Goma kwa barabara.

Huku kwetu, kufanya kazi mbali na makao hakukuanza na Korona. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 jimbo lilikatika vipande: Goma ilishikwa na waasi wa RCD, na Beni ikawa makao ya RCD/K-ML, tawi lililojitenga, la Mbusa Nyamwisi. Mkulima wa Oicha aliyetaka karatasi alikwenda Beni. Goma ilikuwa kama nchi nyingine.

Lakini nikiulizwa ni nani alifanya kazi ya mbali kwa uchungu kuliko wote, nitamtaja Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wetu wa Butembo-Beni tangu 1966, na 1997 akapelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu, baada ya Askofu Mkuu Munzihirwa kuuawa. Noeli ya 1999 aliandika barua ya kichungaji iliyowakemea wanaonyonya wananchi. Februari 2000 wakubwa wa RCD wakamzuia kukaa Bukavu, wakamrudisha Butembo. Kwa miezi saba aliliongoza jimbo lake kuu akiwa huku, kwa barua. Waumini wake walizisoma na wakaendelea kumdai, maana hakuna barua inayobariki mgonjwa kitandani wala inayokaa na mama aliyefiwa. Septemba 14 akaruhusiwa kurudi. Oktoba 4 akafariki Roma. Tangu aruhusiwe kurudi hadi afe zilipita wiki tatu hivi tu, na mimi bado naona walimdai haki yao.

Wafanyabiashara wa Butembo wao waliizoea kazi ya mbali zamani. Kabla ya simu za mkononi waliongea kwa foni, ile redio ya mawasiliano, na hata leo mwenye duka anaweza kuagiza mzigo Dubai au Guangzhou akiwa amekaa kwenye kiti chake. Anamwamini ndugu aliye kule, na mzigo unakuja kupitia Mombasa hadi mpakani Kasindi. Serikali haiendeshwi hivyo. Huduma ya serikali inatolewa na mtu mwenye kalamu na muhuri, na muhuri ukihama, mwananchi ndiye anayelipa nauli.

Tazama safari ya anayetoka Goma kufuata karatasi Beni. Barabara ya Rutshuru na Kanyabayonga inapita kwenye vita, basi anavuka kwenda Gisenyi, anapita Rwanda, anaingia Uganda, anafika Kasese, anateremka Mpondwe na kuvuka tena Kasindi. Amepita nchi mbili za kigeni ili afike kwenye biro ya jimbo lake mwenyewe. Zinabaki kilomita 80 hivi hadi Beni, kwenye njia ambayo waasi wa ADF wameshavizia magari mara nyingi. Farda yake, yaani faili la karatasi zake, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuivaa ndani ya shati, maana mvua ya huku haingoji mtu, na karatasi iliyolowa hadi wino ukasambaa hurudishwa dirishani.

Anapanga mstari asubuhi na mapema. Karani anafungua farda, anahesabu, anasema picha ni mbili tu, zinahitajika nne. Mtu huyo anatoka nje kutafuta mpiga picha, na usiku huo analala Beni.